Watu 54 wa London waliandikia gazeti kuhusu choo, na mimi naandika kuhusu paipu

Kwako Mhariri,

Pokea salamu kutoka Mathare, mtaa wa mabanda hapa Nairobi. Mimi ni fundi wa maji, huu ni mwaka wangu wa 22 kwa hii kazi, na naomba nafasi kwa ukurasa wa barua hata kama barua ni ndefu, kwa sababu hii maneno nimetembea nayo tangu mvua ndefu iishe na nikinyamaza nitakuwa nimewakosea watu ninaowafanyia kazi kila siku.

Binti yangu anasoma afya ya umma chuoni. Akija nyumbani wikendi huwa ananisomea yale wamefundishwa kwa sababu anajua baba yake anapenda mambo ya mabomba hata yawe ya wapi. Jumapili moja akaniuliza, "Baba, unajua watu wa mtaa wa mabanda London waliwahi kuandikia gazeti wakilia hawana choo?" Nikamwambia London haina mabanda. Akaniambia ngoja basi, akafungua simu akaanza kusoma.

Ilikuwa tarehe 5 Julai 1849. Gazeti la The Times lilichapisha barua ya watu 54 wa vichochoro vya St Giles, katikati ya London kabisa, na waliichapisha vile ilikuja, na makosa yote ya maandishi, kwa sababu hao watu hawakuwa wamesoma sana. Walisema wanaishi kwenye uchafu, hawana vyoo, hawana mapipa ya taka, hawana mitaro, hawana maji, na ile kampuni ya mitaro ya maji taka ni ya matajiri wakubwa wenye nguvu ambao malalamiko ya maskini hawayajali hata kidogo. Wakasema kuna shimo la mtaro linanuka mpaka watu wanaugua. Alafu wakasema kipindupindu kikija, Mungu atusaidie. Na kilikuwa kishaingia mjini tayari, kiliua zaidi ya watu 14,000 London katika ule mlipuko wa 1848 na 1849.

Nilimwambia anisomee tena. Mara ya tatu nikaenda nje nikakaa. Mhariri, badilisha jina la mtaa tu, hiyo barua ingeandikwa na jirani yangu.

Sasa nieleze kilichonifanya nikae nje. Mwezi wa tano mama wa ploti moja, wateja wangu wa zamani, alinipigia simu asubuhi mapema kabla sijakunywa chai. Watoto wanne kwa hiyo ploti wanaharisha na kutapika, wawili wameshapelekwa hospitali. Mhudumu wa afya wa jamii alikuwa amepita akagawa dawa ya maji na zile pakiti za chumvi na sukari za kunywa, akauliza maji mnachota wapi, wakamwambia tunachota ya mfereji wa bomba, si ya mto, tunalipia, ni safi. Ni kweli walikuwa wanachota ya mfereji. Nilipofika yule mama alikuwa amekaa mlangoni na beseni, ananiambia, "Fundi, mimi hayo maji nalipia kila siku, sasa nini?"

Nikafuata laini kutoka kwa mfereji wao kwenda nyuma. Kwa wasiojua huku kwetu, maji hayaji na bomba kubwa mpaka mlangoni. Bomba kubwa liko kule barabarani, na kutoka pale kila mwenye kibanda cha maji ama landilodi amevuta paipu yake nyembamba nyeusi ya plastiki, zinakuja nyingi pamoja zimesokotana, ndio maana tunaziita spageti. Na kwa vile nyumba zimebanana hakuna pengine pa kuzipitisha, zinapita ndani ya mtaro. Ule ule mtaro ambao maji ya bafu yanapita, na usiku vitu vingine vinamwagwa humo kwa sababu choo cha kulipia kimefungwa na mama hawezi kutoka na mtoto gizani.

Nilihesabu paipu 14 zimelala kwenye hayo maji meusi. Ya kwao nilipata joint imefungwa na mpira wa tyubu ya baiskeli, umekauka umepasuka. Hiyo ilikuwa siku ya mgao, maji hayapo tangu jana yake. Nikafuta matope na kitambaa nikaweka kidole pale kwenye ufa, na nikaskia kidole kinavutwa.

Hapa ndipo nataka kila msomaji anielewe, hata yule hajawahi kushika spana. Paipu yenye maji yenye nguvu inavuja kwenda nje, hiyo hasara ni ya maji tu. Lakini maji yakikatwa, mtu wa chini kwenye mteremko akifungua mfereji aone kama yamerudi, yale yaliyobaki ndani yanateremka kwake, na huku juu paipu inabaki tupu inanyonya. Inanyonya kwenye kila ufa. Ikiwa imelala kwenye mtaro inanyonya mtaro. Usiku maji yakirudi yanasukuma ule uchafu wote mpaka kwenye mtungi wa kwanza, na mama ambaye ameamka saa nane usiku kupanga laini ndiye anaupata. Wamama wanajua, wanasema maji ya kwanza yana rangi, wanayamwaga. Lakini ya pili yakiwa meupe si kusema ni safi.

Nilikata kile kipande, nikaweka joint ya kukaza na mkono, nikainua paipu kutoka mtaroni nikaipitisha ukutani na misumari. Vifaa vililipwa na chama cha hao wamama. Watoto walilazwa siku tatu wakapona. Zile paipu 13 zingine ziko humo mpaka leo.

Ndio sasa binti yangu alipofika kwa habari ya Broad Street, ile barabara ya London yenye pampu ya kisima, sikuweza kukaa sawa. Mwisho wa Agosti 1854, mtaa wa Soho hapo London, watu walianza kufa kama siafu wamemwagiwa maji moto, zaidi ya 500 kwa siku 10, na mwishowe 616. Wakubwa wote wa afya wakati huo waliamini ugonjwa unaletwa na hewa mbaya, harufu. Daktari mmoja, John Snow, mtoto wa kibarua kutoka York, alikuwa na mawazo tofauti, kwamba huu ugonjwa unaingia kwa mdomo na maji. Na si kwamba alikuwa daktari mdogo, mwaka mmoja kabla ndiye alimpa Malkia Victoria kloroformu wakati wa kujifungua. Lakini aliacha hayo akaanza kubisha milango nyumba kwa nyumba akiuliza swali lile lile la mhudumu wetu, maji mnachota wapi.

Majibu yake ndiyo yalinifurahisha kama fundi. Nyumba ya maskini pale karibu ilikuwa na watu 535 na walikufa watano tu, kumbe wana kisima chao. Wafanyakazi wa kiwanda cha bia hapo hapo mtaani hawakufa, walikuwa wanapewa bia na kiwanda kina kisima chake. Alafu kuna mama mjane aliyekuwa amehamia Hampstead, mbali kabisa penye hewa nzuri, akafa na kipindupindu, kumbe alikuwa anapenda ladha ya maji ya ile pampu ya Broad Street, analetewa kila siku na mkokoteni. Nilimfikiria sana huyo mama. Aliamini maji yake kama vile wateja wangu wanaamini ya kwao.

Tarehe 8 Septemba mpini wa ile pampu ukatolewa, baada ya kamati ya mtaa kukubali. Ugonjwa ulikuwa umeanza kupungua tayari kwa sababu watu wengi walikuwa wamekimbia, hata Snow mwenyewe alisema hivyo, na hiyo ndiyo namheshimu nayo zaidi, hakujipa sifa isiyo yake. Baadaye kasisi wa mtaa, Henry Whitehead, ambaye mwanzo alikuwa hamwamini, ndiye alipata chanzo. Nyumba nambari 40, mtoto mchanga aliharisha, mama yake akafua nepi na kumwaga maji kwenye shimo la choo mbele ya nyumba. Walipochimba wakakuta matofali ya lile shimo yameoza, na kati ya shimo na kisima hata mita moja haikufika.

Yule mama hakuwa mchafu. Alifua nepi za mtoto wake mgonjwa akamwaga mahali alipopewa pa kumwaga. Nasema hivi kwa sababu kila kipindupindu kikitokea hapa Nairobi ninaanza kuskia kwenye redio watu wa mabanda waoshe mikono, watu wa mabanda waache uchafu, na wa kwanza kufukuzwa barabarani ni mama wa chapati na yule wa matunda ya kukata. Kuosha mikono ni vizuri, mimi mwenyewe nawaambia watoto. Lakini unaosha na maji gani?

Na kuna hii nyingine ya Snow ambayo kwangu ni kubwa kuliko ya pampu. Kusini mwa mto Thames kulikuwa na kampuni mbili za maji zinauza kwa mitaa ile ile, paipu za hii na za ile zinapita barabara moja, jirani huyu wa hii na jirani yule wa ile, wengine hata hawajui wanalipa nani. Moja, Lambeth, ilikuwa imehamisha pahali pake pa kuvuta maji mwaka 1852, ikaenda juu ya mto ambako uchafu wa jiji haujaingia. Ile nyingine, Southwark and Vauxhall, ilibaki ikivuta kwenye mto mchafu wa mjini. Snow aligundua anaweza kuzitofautisha kwa kupima chumvi, maji ya kule chini mjini yalikuwa na chumvi nyingi. Akahesabu wafu. Kwenye nyumba 10,000 za Southwark and Vauxhall walikufa 315. Kwenye nyumba 10,000 za Lambeth, 37. Watu wale wale, hewa ile ile, mshahara ule ule, usafi wa mikono ule ule. Tofauti ni paipu.

Na bado hawakumsikiza. Alikufa Juni 1858 akiwa na miaka 45, na ajabu ni kwamba mwezi huo huo ndio London ilikuwa inaoza. Vyoo vya kuflashi vilikuwa vimekuwa fasheni kwa wenye pesa na vyote vinamwaga mtoni, alafu likapiga jua kali, Thames ikanuka mpaka bungeni. Jengo la bunge liko ukingoni mwa mto. Waheshimiwa wakaloweka mapazia kwenye chokaa ya klorini wakashindwa, wengine wakataka wahame. Sheria ya kutoa pesa ikapita kwa siku 18 tu. Kumbuka barua ya St Giles ilikuwa 1849. Miaka tisa maskini wanalia, na harufu ikafika puani mwa mheshimiwa ikawa wiki tatu.

Kazi ikapewa injinia Joseph Bazalgette na hapo nisimame kidogo kwa sababu ni kazi nzuri sana. Alijenga mitaro mikubwa chini ya ardhi kama kilomita 130, matofali milioni 318, akaipanga iteremke futi mbili tu kwa kila maili, na mingi ameifanya umbo la yai, chembamba chini, kwa sababu maji yakiwa kidogo yanabanwa pale chini yanakimbia haraka hayaachi uchafu ukilala. Mtu wa kazi akiona hiyo anavua kofia. Alikuwa anapigana na harufu, lakini alipoondoa uchafu mtoni aliondoa na ugonjwa.

Mwaka 1866 kipindupindu kikarudi mara ya mwisho. Kilipiga wapi? Mashariki mwa London, mtaa wa maskini, mahali pekee ambapo mtaro mpya ulikuwa haujaunganishwa, na kampuni ya maji ya huko ilikuwa inawapa watu maji ambayo hayajachujwa. London walikufa zaidi ya 5,500, wengi wao huko mashariki. Kwingine kulikuwa karibu kimya. Ukichora ramani ya paipu umechora ramani ya makaburi.

Kwa hivyo Waingereza walijua. Kufikia 1875 walikuwa na sheria kwao inayolazimisha serikali za mitaa ziweke mitaro na zihakikishe watu wana maji. Hiyo ni miaka 24 kabla ya reli kufika hapa kwenye kinamasi cha Nairobi mwaka 1899. Sasa tauni ilipoingia kwenye bazaa ya Wahindi hapa Nairobi 1902 walifanya nini? Waliichoma. Na tauni iliposumbua tena wakaleta Profesa William Simpson mwaka 1913 ambaye alipendekeza mji ugawanywe kwa rangi, Mzungu kivyake, Mhindi kivyake, Mwafrika kivyake, ati kwa sababu ya afya. Dawa waliyojua kwao ni mtaro, dawa waliyotuletea ni kiberiti na mpaka. Mabomba mazuri yakaenda kule juu kwenye miti na baridi, na huku mashariki watu wakapewa yaliyobaki.

Lakini Mhariri, mkoloni aliondoka 1963. Mimi nimezaliwa baada ya uhuru na watoto wangu pia. Ule mpaka alichora yeye, ni kweli, ila sisi ndio tumeendelea kutembea juu yake zaidi ya miaka 60 kama vile ni mto au mlima. Ibara ya 43 ya Katiba yetu ya 2010 inasema kila mtu ana haki ya maji safi na salama ya kutosha, na ya usafi wa mazingira wa kiwango kinachofaa. Haijasema kila mtu mwenye title deed.

Na wanaoishi huku si kwamba hawalipi. Mtungi wa lita 20 ni shilingi tano siku nzuri. Mitungi 50 ndiyo yuniti moja kwenye bili ya maji, yaani lita 1,000, hiyo ni shilingi 250. Maji yakipotea mtungi unafika 20, hiyo yuniti sasa ni 1,000. Nimeweka mabomba Lavington, mtaa wa matajiri, nimeona bili za huko, zenye bafu ya kuoga na bustani ya maua, na nakuapia mwenye nyumba halipi hata karibu na hapo kwa yuniti. Mama anayemfulia nguo huyo mwenye nyumba ndiye analipa zaidi yake kwa maji, na ya huyo mama yanakuja kwa mgongo.

Kuna mtu ataniambia haiwezekani, nyumba zimebanana, hakuna nafasi ya kuchimba. Imewezekana Mukuru, mtaa mwingine wa mabanda hapa Nairobi. Waliweka laini nyepesi za maji taka, paipu ndogo, hazichimbwi chini sana, zinapita kwenye njia za miguu, na vyoo vikaunganishwa, watu wa mtaa wenyewe wakishiriki kupanga. Na hapa hapa Mathare zililetwa zile mashine za maji za kadi mwaka 2015, mtungi ukawa senti 50, watu wakaona kwamba inaweza.

Mwaka 2017 kipindupindu kiliingia mpaka kwenye mikutano ya mahoteli na maonyesho ya biashara na mawaziri wawili wakatibiwa. Siku hizo simu zilipigwa, mikutano ikaitwa. Nilifikiri sasa ndio ile Thames yetu imefika bungeni. Wakapona, na mimi niliwaombea wapone kwa kweli, alafu mambo yakatulia na spageti zikabaki mtaroni.

Nilienda ofisi moja inayohusika, sitaitaja, nikiwa na kile kipande cha paipu na mpira wake ndani ya karatasi. Nikaambiwa hizo ni laini haramu na watu watakuja kuzikata. Nikauliza mkikata mtaweka nini, jamaa akaniambia hiyo si idara yake. Mkizikata bila kuweka nyingine watu 300 watarudi mtoni Jumatatu asubuhi, na mto wa Mathare mnaujua. Ninachoomba ni bomba la kweli liingie ndani ya mtaa na mita zikae ukutani juu ya maji machafu, na hata kama ni mgao, presha kidogo ibaki kwenye laini zisiwe tupu, kwa sababu paipu tupu ndiyo inanyonya. Vijana wa kuchimba wapo, mafundi wapo, mimi nitafanya siku zangu bure.

Wale watu 54 waliomba kitu kimoja kwa gazeti, mtu aje aone. Na mimi naomba hivyo hivyo. Nitumie mwandishi wako, aje na viatu vya mvua, na asije siku ya maji, aje siku ya mgao kabla ya saa tano asubuhi wakati watu wa chini wameanza kufungua mifereji kuangalia. Nitamwonyesha zile 13 na nitampa glavu aweke kidole.

Wenu,
Fundi wa maji,
Mathare, Nairobi